Mstari wa Chaki Kando ya Friji

Jumamosi asubuhi mpokea simu alihamisha kapu la nguo chafu, debe la unga na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na kati ya friji na kabati ikapatikana nafasi ya meza moja nyembamba. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani uliopigiliwa miguu. Iliyumba kidogo. Akakunja kipande cha boksi, akakipachika chini ya mguu mmoja, ikatulia. Kiti kilikuwa cha plastiki, cha kuazima jikoni, na juu ya meza zilikaa simu ya kazini, hedifoni na glasi ya maji.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na watu watano, na kila mtu alikuwa na pake. Mume, mlinzi wa zamu ya usiku, alikuwa na kochi refu, ambalo alililalia mchana kutwa mbele ya televisheni na kuamka kwa vipindi kuulizia chai. Mama mkwe alikuwa na kiti cha dirishani. Mtoto mdogo, aliyekuwa akijifunza kutembea, alikuwa na mkeka wake, na dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Spika kwa ajili ya sauti aliyojaliwa, alikuwa na nyumba nzima. Mke, huyo mpokea simu, hakuwa na pake. Wala hakuwahi kulifikiria jambo hilo, maana tangu aolewe hakuwahi kukaa kwa muda wa kutosha kuhitaji kiti.

Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu ambao friji zao zimegoma kugandisha. Zamani aliifanyia ofisini. Kisha kampuni ikaona ofisi ni gharama, ikaifunga, ikawaagiza wapokea simu wote wafanyie kazi nyumbani, mahali patulivu. Hapo penye utulivu ndipo palipomtoa jasho. Wiki iliyopita, mama akiwa katikati ya kumbembeleza mteja mmoja mkali, Spika alimaliza haja yake chooni akatangaza kwa sauti ile ile iliyompa jina, "Mama, nimemaliza! Njoo unitawaze!" Mteja akakata simu. Baada ya hapo msimamizi akapiga, akasema kwa upole wa kutisha kwamba ikisikika kelele nyingine moja tu, kazi atapewa mwenye nyumba tulivu. Na bila kazi hiyo, watu watano wangebaki wakitazamana.

Mama mkwe alikuwa bingwa wa jambo moja, nalo ni kusema mtu hayupo. Wauza sufuria na wageni wa saa mbaya, wote aliwaambia mlangoni kwamba mwanawe hayupo, huku mwanawe akikoroma nyuma ya pazia, nao wakaondoka wameridhika. Jumapili jioni alichukua chaki ya Spika, akainama kwa shida, akachora mstari sakafuni kuizunguka meza na kiti, kutoka kwenye friji hadi kabatini.

"Ukishavuka hapa umekwenda kazini, mwanangu," alisema. "Nyumbani hupo."

Jumatatu mpokea simu alivuka, na nyumbani hakuwepo.

Televisheni ilinyamaza. Friji, iliyokuwa ikimgusa bega, iliacha kunguruma. Aliwaona wote, midomo yao ikifunguka na kufumbika, lakini hakusikia hata mkwaruzo wa ufagio. Nao walipotazama upande wake waliona kiti cha plastiki na ukuta. Jirani alikuja kuazima pasi akamuulizia. Mama mkwe akamjibu kwamba hayupo, yuko kazini, na jioni aliposimulia alikiri kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kusema neno hilo likawa kweli.

Kasoro ilikuwa moja. Mama mkwe ni mfupi, na mstari aliuchora kwa kipimo chake mwenyewe. Mkwewe ana miguu mirefu, kwa hiyo kidole gumba cha mguu wa kulia kilibaki nje. Spika alikiona, akakisalimia, akaketi nacho. Kufikia mchana alikuwa amekipaka rangi nyekundu ya kucha. Mama yake alihisi tu ubaridi wa brashi, wakati akimweleza mzee mmoja kwenye simu kwamba friji haifai kubanwa ukutani, sharti iachiwe nafasi ya kupumua.

Alifarijika mno. Mabega, ambayo hakujua kwamba siku zote aliyabeba juu juu, yalishuka yenyewe. Aliisikia sauti yake na kugundua kwamba ni nzuri. Msimamizi alipiga kumpongeza, akataka kujua amehamia wapi. Alijibu kwamba hajahama, amesogea tu.

Lakini kati ya simu na simu alikuwa na macho, na bila sauti mambo yalionekana vizuri zaidi. Mdomo wa mume ulifunguka kochini, mama mkwe akainuka. Alirudi na kikombe, akaketi. Mdomo ukafunguka, akainuka tena, safari hii ni sukari. Spika akachungulia kutoka chooni, bibi akainuka. Mdogo akamwaga uji, bibi akainuka, mkono mmoja ukishikilia goti. Mume hakuwa mtu mbaya. Alishukuru kila mara kwa kuinamisha kichwa, na kochi halikuwahi kupoa. Mpokea simu alimtazama huyo mwanamke wa kuinuka hadi akamtambua. Wiki iliyopita alikuwa yeye. Kazi zake hazikuwa zimepungua hata moja, zilikuwa zimehamia kwenye magoti ya mtu mwingine. Iliuma, na aliona aibu.

Jioni alivuka kurudi nyumbani, akamkuta mama mkwe ameketi ukingoni mwa kitanda akijikanda miguu. Akamwomba radhi.

"Radhi ya nini?" alisema mama mkwe. "Ulipoolewa hapa nilifurahi kuliko bwana harusi. Nilijua sasa nimepata wa kuinuka."

Mume akauliza kutoka sebuleni kama kuna chai.

Alhamisi mchana, mume akiwa usingizini na Spika akiwa kwa jirani, mama mkwe alimfunga mdogo mgongoni, akajaza chupa ya chai na kuiweka mezani pembeni ya kochi pamoja na kikombe. Kisha akachukua kigoda, kitambaa kibichi na chaki. Alifuta mstari wa zamani, akachora mwingine mpana zaidi, akavua ndala na kuvuka. Kidole gumba nacho kikaingia ndani. Wakakaa bega kwa bega.

Mume aliamka. Mdomo wake ukafunguka. Akatazama jikoni, akatazama kiti cha dirishani, akatazama kile cha plastiki. Mdomo ukafunguka tena.

"Anasemaje?" aliuliza mama mkwe.

"Nadhani anaulizia chai, mama."

"Si iko hapo pembeni yake?"

"Ipo. Imejaa."

Mama mkwe alishusha pumzi ndefu, akanyoosha miguu hadi visigino vikagusa ukuta. "Basi atasubiri tutoke kazini."

Simu iliita. Mpokea simu alivaa hedifoni, akamkaribisha mteja kwa ile sauti yake nzuri, na mdogo, mgongoni mwa bibi yake, akaendelea kulala fofofo.

Jioni walivuka pamoja. Spika, aliyekwisha kurudi, alilalamika kwamba kidole kimeondoka bila kuaga, akaonyeshwa kipo mahali pake. Mume alikuwa kochini, chupa haijaguswa, kikombe kikavu.

"Poleni na kazi," alisema kwa upendo. "Nimeshinda bila chai. Hakukuwa na mtu."

Mke akachukua kikombe, akammiminia kutoka kwenye chupa. Mama mkwe akabandika sufuria ya ugali jikoni, na maji hayajaanza kuchemka akauliza kesho kazi inaanza saa ngapi.