Magoti ya Shemeji

"Niliwaua mimi," shemeji alisema, akasogea kwa magoti hadi ua lililofuata. "Niliwaua mimi."

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia. Nilikuwa nimekaa dirishani, namsikiliza. Aliporuka ua moja nilikohoa. Alirudi.

Mtu huyu hakuzaliwa amepiga magoti. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na shamba lake la matikiti lilipakana na bustani yangu kwenye mkuyu mkongwe uliokuwa na pango kifuani. Humo waliishi nyuki wa porini. Niliolewa nikawakuta. Asubuhi walitoka kwa mngurumo wa chini, kama chungu kinachoanza kuchemka. Jioni walirudi miguu imepakwa njano. Aliyepita polepole walimpisha.

Shemeji akautaka ule mpaka, aongeze mistari miwili ya matikiti. Nilimwendea kwa heshima zote.

"Mti kata, sikuzuii. Nipe tu siku chache nimwite mfuga nyuki awahamishe."

"Kwani umewazaa, shemeji?"

Kesho yake alikuja na bomba la dawa mgongoni, akaingiza mdomo wa bomba pangoni, akapuliza mpaka dawa ikachuruzika kwenye magome. Nyuki walimwagika kama mtama kutoka gunia lililopasuka. Ndege waliowaokota nao wakalala chali, vifua vyao vya kijani vikitazama juu. Kisha ukaja msumeno. Niliwafagia nyuki barazani kwangu, lundo baada ya lundo, na wengine walikuwa bado wanachezesha miguu.

"Tukuwekee matanga?" shemeji alipaza sauti toka ng'ambo. Vibarua wake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Niliendelea kufagia. Hasira yangu mimi huiva kwa moto mdogo.

Msimu uliofuata matikiti yake yalichanua, shamba zima njano tupu. Kisha vitikiti vya ukubwa wa kidole gumba vikaanza kunyauka na kudondoka. Hapakuwa na wa kuchukua unga wa ua dume na kuupeleka kwenye ua jike. Wenye kazi hiyo niliwafagia kwa mikono yangu. Hata maboga yangu yalianza kudondoka, mpaka nikakumbuka mwalimu wetu wa kilimo, darasa la sita, alivyotuonyesha kuyasugua maua kwa mkono. Yangu yakabeba. Yake, wapi!

Akaja mlangoni, uso umemshuka.

"Shemeji, umeniroga."

Neno hilo limewahamisha bibi vizee wengi makwao. Alilirusha kama panga, na mimi nikaliokota kwa kushika mpini. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Nilimsogezea kigoda.

"Wale nyuki wanakudai msamaha," nilimwambia. "Kila alfajiri, maua yakifunguka, utapiga magoti. Chuma ua dume, ulisugue ndani ya lile lenye kitumbo. Na kila ua useme: niliwaua mimi."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Waliokufa hawasikii vizuri."

Akashika kola ya shati. "Na nguo... nivue?"

"Nguo vaa, usitutie aibu."

Matikiti yalishika. Kwa hiyo akaamini kabisa, na msimu ulipogeuka akaanza tena bila kukumbushwa. Wapita njia walisimama kuuliza kulikoni. Vibarua wale wale waliochekea matanga sasa waliziba midomo kwa viganja wakimwona bosi wao anayaungamia maua. Mimi nilikuwa nalala usingizi mzito, wa mtoto.

Mkewe alikuja kuniomba.

"Magoti yamemvimba, dada. Hakuna namna?"

"Ipo. Aache matikiti."

Hakuacha. Nami sikumwambia siri ya mwalimu wetu, sikumwambia hata siku ile alipougua homa akaenda shambani amejifunika blanketi.

Msimu huu, asubuhi moja, nilimwona ameganda, mkono hewani. Mbele yake, ndani ya ua alilotaka kulishika, alikuwa ametua nyuki. Nyuki wa kweli, mweusi kiunoni, amejaa njano hadi mapajani. Nikasimama. Nilitaka kuona kama atampiga.

Aliushusha mkono. Alirudi nyuma kidogo kwa magoti yake yale mabovu, akamsubiri amalize, akamsubiri aruke. Kisha akageukia kwangu, machozi yakimlengalenga kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Shemeji! Wamerudi! Niinuke?"

"Huyo ni mmoja," nilimjibu. "Endelea."