Lori la Baba Adongo

Mimi nilimwambia Kepher, tena mbele ya dada yake, kwamba siku ya wageni sitaki kuona hata askari mmoja kwenye sebule yangu. Hata mmoja! Akasema, "Sawa, Mama Adongo." Sasa niambieni, mwanamume akisema sawa, si maana yake ni sawa? Ai! Huyu wangu akisema sawa, ujue hajasikia.

Kepher ni mume wangu, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai hapa nje ya Kericho. Wenzake wakitoka kazini wanaenda kutazama mpira. Yeye anavaa miwani, anafungua boksi la vipande vya plastiki, anavikata na kikata-kucha, anavibandika na gundi mpaka vinakuwa kifaru, au jeep, au kikosi cha askari ambao hawafikii hata urefu wa kidole chako cha mwisho. Halafu anawapaka rangi, vifungo vya shati mpaka kope za macho. Tope la magurudumu anatengeneza na vumbi la majani chai. Dada yake alilikuta kopo la hilo vumbi jikoni, likiwa limeshachanganywa na rangi, kidogo atuchemshie sote. Mtu mzima na mvi zake! Majirani wanamwita Jenerali, na yeye anaitika.

Hayo yote nilikuwa nimeyavumilia. Kilichokuwa kinanikera ni lile lori.

Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, binti yetu Adongo alikuwa mtoto wa nasari. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi ndani ya shamba la chai, sisi watu wa ziwani pamoja na wenyeji, na tulikuwa tunaombana chumvi. Siku moja vijana wa huku wakaja na petroli kutufukuza sisi wa kabila la ziwani. Nyumba yetu ikachomwa na kila kitu ndani, cherehani yangu pia. Jirani yetu Chemutai, Mkipsigis, yaani mwenyeji, alitusukuma kwenye zizi la ng'ombe wake akasimama mlangoni mpaka lori la jeshi likafika. Askari mmoja, jina lake hatukuwahi kulijua, alimwinua Adongo akampandisha, tukapelekwa kwetu ziwani.

Baadaye tulirudi kwa sababu kazi ilikuwa huku. Tukanunua kaploti, tukajenga. Mimi niliamua kusahau. Kepher akaamua kutengeneza lori. Boksi lilikuja na askari wa vita tu, maana hakuna anayeuza mama wa plastiki mwenye godoro kichwani. Basi akawachukua wale askari, akawakata helmeti, akawavisha sketi za tishu na gundi. Kuna mimi pale na kitambaa changu. Kuna kuku. Kuna askari ameinua mtoto wa gauni ya manjano. Nilipoliona mara ya kwanza nilikasirika. Nikamwambia hilo likae chumbani, lifunikwe, na lisitoke.

Sasa, wageni wenyewe walikuwa watu wa Gibson kutoka Longisa, Wakipsigis kama Chemutai, wanakuja kumposa Adongo. Gibson ni mwalimu, kijana mtulivu, wamependana na binti yangu tangu chuoni. Tatizo lilikuwa baba yake mkubwa, Mzee Kipyegon, ambaye ndiye anayeongea kwa niaba ya ukoo. Muda mrefu alikuwa anasema hapana, mtoto wa watu wa ziwani hapana. Alipokubali kuja, alisema atakuja mara moja tu. Adongo aliposikia alilia, akicheka huku analia. Na mimi nilijua kabisa, siku hiyo ikiharibika, mtoto wangu hana harusi.

Jumapili hiyo nilikuwa jikoni na sufuria ya kuku. Kepher akiwa peke yake sebuleni akapata wazo. Haki, sijui nani alimtuma. Alichukua askari wake wote, akawapanga meza ya katikati juu ya vitambaa vyangu vya kushona, mistari miwili, bunduki mbele, wakiangalia mlango. Kule mwisho akaweka kifaru. Nyuma ya kifaru, ndiyo, akaweka lori.

Nilisikia wageni wakipiga hodi. Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Mzee Kipyegon alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani, na watu wake wameanza kurudi nyuma.

"Kwetu mtu akikuja kuomba msichana, anakuja mikono mitupu," alisema polepole. "Na anapokelewa na mikono mitupu. Hii ni nini?"

"Ni gwaride la heshima, mzee!" Kepher alisema, uso unang'aa kwa furaha. "Mtu mkubwa akifika nchi ya watu, si anapigiwa gwaride?"

"Na hii bunduki ya hii tanki imeangalia tumbo yangu, hiyo pia ni heshima?"

Woi! Nilitamani ardhi inimeze, lakini nimmeze Kepher kwanza. Ni Gibson aliyetuokoa. Alianza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na kina mama walioandamana naye wakacheka pia. Kepher akawageuza askari wake mmoja mmoja wakaangalia ukuta, kifaru mwisho. Mzee akaingia. Nikasema moyoni, asante Mungu, tumepona.

Kumbe bado. Mzee alipoketi, lori lilikuwa mbele ya magoti yake. Akainama. Akatazama godoro, kuku, mimi na kitambaa changu, yule mtoto wa manjano. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Kila mtu wa rika lake katika hii nchi ya chai anajua malori yale yalibeba nani, na kwa nini.

"Hii ni nyinyi?" akauliza.

"Ni sisi," Kepher akasema.

Mzee akaegemea kiti. "Hiyo mambo ilikwisha. Sisi tumekuja kujenga, na nyinyi mnatuwekea hii mezani. Siwezi kuongea posa hii kitu ikiniangalia. Muitoe muichome, ndio tuongee."

Nilikuwa nimeshika trei ya chai. Nataka muelewe, mimi ndiye niliyelichukia lile lori kuliko mtu yeyote. Kama angesema lirudishwe chumbani, ningelibeba mwenyewe, na asante juu. Lakini mdomo wake ulisema kuchoma. Waswahili wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Nilihisi moto ukianza miguuni ukipanda.

"Kuchoma?" nikasema. "Tena?"

"Mama Adongo," Kepher akaninong'oneza.

"Usinimama-Adongo! Mzee, heshima yako naijua, na wewe ni mgeni wangu. Lakini kwa hii nyumba hakuna kitu kitachomwa tena. Cherehani yangu ilichomwa. Picha za harusi yangu zilichomwa. Viatu vya Adongo vilichomwa, alienda peku mpaka ziwani. Hakuna mtu aliniuliza kama imekwisha. Sasa unakuja mpaka sebule yangu, unakalia kiti changu, unaniambia nichome na kiberiti changu mwenyewe? Imekwisha kwa nani?"

Gibson alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijua nimeshaharibu, kwamba harusi ya binti yangu nimeivunja kwa mdomo wangu, na Mungu anisamehe, hasira ilikuwa bado haijaisha.

Hapo mlango wa chumba ukafunguka. Adongo hakutakiwa kutoka mpaka aitwe, lakini alitoka. Akapita katikati ya wazee, akainua lori kwa mikono miwili, akakaa kwenye stuli mbele ya Mzee Kipyegon, lori juu ya mapaja yake.

"Baba," akasema, sauti ya chini kabisa, "msichana mliyekuja kuomba ni huyu." Akaweka kidole kando ya ile gauni ya manjano. "Mimi mwingine sina. Hili gari nitakuja nalo Longisa, likae mahali watu wanaliona. Mkilichoma, basi mmenichoma mimi. Na mkiona hamlitaki, chai iko, mkunywe, mrudi salama."

Nilimtazama Gibson. Alikuwa ameinua kichwa.

"Kuna shelfu karibu na tivii," akasema. "Nitaipanua."

Mzee Kipyegon akainama tena, karibu sana, akamtazama yule mtoto wa plastiki.

"Alikuwa analia?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Alinyamaza. Alinyamaza mpaka tukafika, na siku nyingi baadaye. Ingekuwa afadhali alie."

Akatikisa kichwa. Akamwomba Adongo alirudishe lori mezani, mahali pale pale lilipokuwa, na akavuta kiti chake mbele kidogo. "Haya," akasema, "tuongee maneno ya watoto."

Hakusema pole. Niliisubiri wakati wa kuku, nikaisubiri wakati wa maombi, nikawasindikiza mpaka barabarani bado naisubiri. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Wakati huo nilimwinamia na birika, nikammiminia chai kwanza yeye, kwa sababu ndiye mkubwa. Nilimimina na hasira yangu mpaka chai ikamwagika kwenye sahani, na hasira hiyo sikuificha.