Nyimbo Kumi na Tisa za Babu Mushni

Naandika haya nikiwa na akili timamu, jambo ambalo walimu wangu wa shule ya bweni huko mjini Sukhum hawajawahi kulithibitisha.

Babu Mushni, mzaa baba, alikuwa na nyimbo mia mbili na kumi na mbili za kijiji chetu. Mara ya kwanza alizikusanya kwenye karatasi, zikaungua wakati wa vita. Mara ya pili alizitoa kichwani, macho yakiwa yameshafifia, na mama yangu Esma akazichapa kwenye kompyuta kwa miaka minne. Jumatatu zilitakiwa kwa mpiga chapa. Na siku hizi Babu husahau hata kama amekunywa chai.

Ijumaa nilirudi likizo na utani mmoja. Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Herufi Ҩ ya lugha yetu, inayofanana na mtu aliyejikunja kwa tumbo la kuendesha, haina namba katika orodha ya zamani ya Kirusi, wala wenzake kumi na kitu. Ukihifadhi maandishi kwa orodha hiyo, kompyuta haigombi. Kila herufi isiyoijua huiwekea alama ya kuuliza. Nikazifanya hivyo nyimbo za Babu, nikamwita mama aje azimie kidogo, kisha nimrudishie nakala nzima kutoka kwenye fleshi.

Kwenye fleshi kulikuwa na video za mpira tu. Nyimbo sikuwa nimezinakili.

"Haya, umechekesha," mama akasema. "Rudisha."

"Mama..."

"Batal, rudisha."

"Haziwezi kurudi. Kompyuta haikumbuki ilikuwa herufi gani."

Angenipiga ningeshukuru. Alivuta kiti, akaanza kujaza alama moja moja kwa kumbukumbu yake.

Hapo ndipo desturi ilipotukaba. Kwetu mke hasemi mbele ya baba mkwe mpaka mzee amfungulie kinywa kwa karamu. Karamu ya mama iliahirishwa kwa msiba, kisha kwa msiba mwingine, ikafika miaka kumi na saba. Miaka yote minne ya kuchapa, Babu alisema na mama akanyamaza. Mama asiposikia neno aligonga meza mara moja, Babu akarudia.

Kwa hiyo Jumamosi nzima nilikuwa mjumbe kati ya jikoni na barazani.

"Babu, wimbo wa mwindaji, mstari wa tatu, ni mbuzi au ni jiwe?"

"Nani anauliza?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe hujui hata mstari wa kwanza." Akageuza uso upande wa jikoni. "Kwa nini mama yako anauliza? Si alishaandika?"

Nikamwambia. Niliyasema yote nikiwa nimesimama wima kama kwenye gwaride.

Babu alinisikiliza mpaka abista, ugali wetu, ikaanza kuungua jikoni.

"Mara ya kwanza walikuwa watu wenye bunduki," akasema. "Ni jiwe. Kamwambie jiwe."

Jumapili mchana mama alikuwa amefika mia moja na tisini na tatu, kisha akaacha kuandika. Zilizobaki zilichapwa na jirani yetu Khibla, wiki ambazo mama alikuwa hospitali akimzaa dada yangu. Khibla tulimzika mwaka jana.

Babu alisikia vidole vimenyamaza. Akaingia jikoni akipapasa ukuta, mahali ambapo sijawahi kumwona.

"Esma," akaita. "Kondoo sina, wageni sina. Nakufungulia hivi hivi. Sema."

Mama alisimama, akafuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu. Sauti yake ilitoka ndogo, ya mtu anayeingia nyumba ya watu.

"Baba, hizi kumi na tisa sizijui."

Babu akatikisa kichwa taratibu, akatafuta kiti, akakaa.

"Batal, nisomee ya kwanza. Labda nikiisikia."

Nikasoma. Kila penye alama nilinyamaza kidogo, nikaendelea. Babu aliinama mbele, midomo ikichezacheza, akingoja.

"Tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Tena."