Kabla ya Ampli

Kila mtu aliyewahi kuvusha hata gunia moja la vitunguu pale Grande Barrière, kwenye mpaka wa Goma, alimjua Harerimana, wakala wa forodha, na alijua pia kwamba Harerimana haazimi kitu cha mtu. Mvua ikimkuta njiani bila mwavuli, analowa. Chumvi ikiisha nyumbani kwake Nengo, mboga zinaliwa hivyo hivyo, na jirani hagongewi mlango. Mkewe, Mukamurenzi, alishazoea. Alizoea hata Kifaransa cha mumewe, alichokiokota kwenye karatasi za forodha na kukivaa kama koti la mtu mnene kuliko yeye. Mukamurenzi alisoma kwa masista kule Nyundo, na kila mumewe alipokosea neno mbele za watu, yeye aliangalia viatu vyake.

Mwaka 1999, njia zilipoanza kutulia baada ya miaka ya vita, binamu yake Mukamurenzi wa Goma alimrudishia santuri iliyokuwa imekaa miaka mingi nyuma ya kabati. Ilikuwa kwaya ya wasichana wa Nyundo, enzi za ujana wake. Ndani yake alikuwamo Libérata, dada yake, ambaye hakuacha picha wala kaburi. Libérata alikuwa na kasoro moja katika kuimba: kila ubeti aliuanza pumzi moja kabla ya wenzake. Sista alimgombeza kwa ajili hiyo mpaka siku yenyewe ya kurekodi, na wapi! Kasoro ile ndiyo Mukamurenzi aliyotaka kuisikia tena, walau mara moja.

Mashine ya kuzungushia santuri waliipata kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, pamoja na spika mbili. Kilichobaki ni ampli, ya kukuza sauti. Jumamosi wakaenda dukani kwa Latif, nyuma ya soko.

“Karibu, patron! Karibu, Mama Ineza!” Latif aliweka mezani ampli ndogo ya kijivu. “Kwa disque, hiyo santuri yenu, hii iko muzuri. Tazama nyuma, iko na tundu ya PHONO.”

Harerimana alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

“Phono. Latif, mi nilikuja kununua téléphone?”

Latif hakubisha. Aliinama chini ya meza akaibuka, huku akihema, na ampli nyeusi iliyowahi kufanya kazi baa, nzito kama ndama. Alipoiunganisha na redio ya kaseti, taa za kijani zikaanza kurukaruka, vikombe vya duka la jirani vikagongana, na fundi cherehani wa ng’ambo ya barabara akaacha suruali ya watu akacheza.

“Iko wati ngapi?”

“Mia ine, patron.”

“Na ile ya Karenzi?” Karenzi ni jirani yao aliyerudi kutoka Uganda na redio inayoamsha Nengo nzima.

“Ile ya Karenzi ni ya kubembeleza mutoto.”

“Funga hii.”

“Bon. Lakini kwa disque, hii haina tundu yake. Inaomba pré-ampli.” Latif akatoa kasanduku kadogo kama kisahani cha sabuni. “Sauti ya sindano iko kidogo sana, donc inapita kwanza humu, halafu…”

“Unasema inaitwaje?”

“Pré-ampli.”

Uso wa Harerimana ulibadilika. *Prêt* alilijua. Limeandikwa kwenye ukuta wa benki kwa herufi kubwa: mkopo. Walimu wanalipangia foleni.

“Prêt-ampli,” alisema polepole. “Ampli ya kuazima. Latif, mi niko mutu ya kuazima?”

“Patron, siyo ile prêt.”

“Kwani iko prêt ngapi?”

Latif aliitazama ampli kubwa, ambayo ilikwisha kuuzika, kisha kasanduku kenye faida isiyotosha hata chai. “We ndiye unajua, patron,” alisema, akakarudisha rafuni katikati ya pasi.

Mukamurenzi alijua. *Pré* ni kabla, basi. Neno fupi kuliko kukohoa.

“Baba Ineza,” alianza.

“Mama Ineza, haya mambo iko ya ufundi.”

Akaangalia viatu vyake.

Jumapili baada ya ibada, Harerimana aliwaalika Karenzi na mkewe, Gatesi. Ampli ilifunikwa kitambaa cha kufuma, naye akakiondoa taratibu kama askofu anayezindua kanisa.

“Wati mia nne,” alisema. “Shikeni vikombe vyenu.”

Walivishika. Mukamurenzi akashusha sindano. Spikani kukatoka kitu chembamba, cha mbali, kama watu wanaoimba ndani ya kopo lililofungwa.

“Kwaya yenyewe iko wapi?” Karenzi aliuliza. “Imezuiwa mpakani?”

“Pengine karatasi zao hazijagongwa muhuri,” alisema Gatesi. “Si una watu pale, Baba Ineza? Waombee wapite.”

Harerimana alizungusha kitufe hadi mwisho. Sasa ukaja mngurumo, mzito, wa kutikisa vioo vya dirisha. Kwaya ikazama humo moja kwa moja.

“Mnasikia hiyo nguvu?” alipiga kelele.

“Nasikia lori!” Karenzi akajibu.

“Ni hii santuri. Imeoza. Tuitupe, niwawekee kaseti.” Akanyoosha mkono aing’oe.

Mukamurenzi aliushika ule mkono. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuushika mbele za watu.

“Zima ampli,” alisema.

“Nani anazima ampli ili asikie muziki?”

“*Pré* si mkopo, Baba Ineza. Ni kabla.”

“Kabla ya nini?”

“Kabla ya makelele yako. Zima.”

Harerimana alizima. Taa za kijani zikafa. Santuri iliendelea kuzunguka, na Mukamurenzi akapiga magoti, akalaza sikio karibu kabisa na sindano. Pale, bila wati hata moja, ilikuwapo sauti ndogo kama ya sisimizi: wasichana, wote. Alingoja ubeti wa pili. Sauti moja ikaingia pumzi moja kabla ya wenzake.

“Yebaba we,” alinong’ona. “Wewe mtundu.”

Gatesi alimwona akilia na kucheka, akapiga magoti upande wa pili. Karenzi akabana kichwa katikati yao. Meza ilikuwa ndogo, na vichwa vitatu viliijaza.

Harerimana alisimama nyuma yao kando ya ampli yake. Alikohoa. Aliinama kulia, hakukuwa na pa kuingia. Kushoto pia.

“Mama Ineza,” alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, “niazimeni nafasi kidogo.”

Mukamurenzi alimsikia vizuri. Hakusogea mpaka wimbo ulipokwisha.