Jicho la Laure

Picha ya marehemu Laure ilikuwa ndogo, imetumwa simu hadi simu mpaka ikachakaa. Soumaya, aliyekuwa akitayarisha kazi za wateja katika duka la kuchapa kule mtaa wa Asiatique, alipoikuza itoshe bango la kuondoa matanga, uso ukavunjika ukawa miraba midogo mitupu. Hakukuwa na picha nyingine iliyomwonyesha uso mzima. Dévote, mdogo wa marehemu aliyeileta, alitaka bango kubwa, lionekane tangu barabarani.

Soumaya akaipitisha kwenye programu ya kusafisha picha. Uso ukatoka unang'aa. Dévote alipotumiwa akaridhika, akasema wachape.

Soumaya hakuchapa. Alipoziweka picha mbili sambamba kwa ukaguzi wa mwisho, aliona jicho la kushoto, lililokuwa limelegea kidogo, limenyooshwa. Programu haikusafisha tu, ilibuni. Angeweza kunyamaza, maana mteja ameshakubali, lakini roho ilimsuta. Akampigia Libère, mume wa marehemu.

Libère alikuja, akazitazama picha zote mbili kwenye kompyuta.

"Ni muzuri," akasema, akionyesha ile iliyosafishwa. "Lakini mi sikuishi na huyu."

Akasimulia polepole kwamba jicho lile likizidi kulegea, alijua mkewe amechoka, akampokea mtoto kabla hajaombwa. Soumaya akashauri picha ya asili ichapwe ndogo, kama kiganja, na jina liandikwe kubwa. Libère akakubali.

Dévote alipopata habari alifika amenuna. Alisema dada yake alichekwa kwa jicho hilo tangu shuleni, ndiyo sababu kila akipigwa picha aligeuza uso. Sasa watu wote wa mtaa walikodolee macho?

Libère akainama. Miaka yote waliyokaa pamoja, Laure hakuwahi kumwambia. Yeye alidhani kugeuza uso kule ni maringo tu ya kike, na mara nyingi alimtania kwa ajili hiyo.

"Chapa hii ya Dévote," akamwambia Soumaya. "Ile ingine unipe mi, nikae nayo nyumbani."

Dévote akamshika shemeji yake mkono.

Soumaya akatayarisha faili ya bango, akaongeza ukingo wa kukatia, akaipeleka kwenye mashine. Kisha akaifungua ile ndogo. Akasahihisha rangi iliyofifia, basi, jicho hakuligusa. Akachagua karatasi nzuri kuliko zote zilizokuwapo dukani.