Simu Inayoandika Maneno

Miaka thelathini ya kugonga mabati ilimwachia Fundi Bati mikono migumu na masikio yaliyokufa. Mkewe na bintiye walijua kwamba hasikii. Wengine wote aliwazuga kwa tabasamu na kutikisa kichwa.

Ijumaa moja bintiye, karani wa mikutano kwenye kampuni ya bima, alirudi na simu mpya ya kazini. Mzee akaidaka hata kabla mwenyewe hajavua viatu. Akaigonga kwa ukucha, akaipapasa kona, kisha akaenda kuchukua kipimo chake cha chuma.

"Milimita nane," alitangaza. "Aluminiamu. Aliyekunja kona hizi si mtu wa mchezo."

Binti akacheka, akamwandikia kwenye karatasi kama walivyozoea: betri siku mbili, laini mbili, mambo ya kazi mbali na ya nyumbani mbali, haifunguki bila kidole chake. Mzee hakutosheka. Ikiingia maji je? Ikianguka kwenye saruji je? Na haya matundu madogo ya nini?

"Vinasa sauti," binti aliandika. "Vinasikiliza mkutano, simu inaandika kila anachosema mtu."

Mzee alimtazama kama mtu anayetaniwa. "Hebu washa."

Binti akaiweka mezani. Midomo yake ilipocheza, herufi zikajipanga kwenye kioo: *Unaona, baba?* Chini yake, kwa rangi nyingine, zikafuata: *Msemaji wa pili: Mwambie chai inapoa, na aache kuchokoa vitu vya watu.*

"Sichokoi, nakagua!" mzee alipaza sauti kuelekea jikoni.

Mkewe akatokea mlangoni, kijiko mkononi, mdomo wazi. *Msemaji wa pili: Amesikia?*

"Nimesoma, mama watoto."

Kesho yake asubuhi alimwomba bintiye amfungulie simu waende nayo uani. Jirani yao, dereva mstaafu, alikuwa ameshaegemea ua. Kila siku alisema neno pale, na kila siku mzee alimjibu, "Naam, naam, kabisa," akidhani wanazungumzia mvua.

*Umeamkaje, fundi? Na leo nakuuliza tena: ngazi yangu utairudisha lini?*

Mzee alisoma mara mbili. "Umeanza lini kuniuliza?"

*Tangu mwaka juzi! Unaitikia tu. Nikajua unanifanyia kusudi.*

Angeweza kucheka akapita zake. Ujanja huo aliumudu vizuri. Badala yake akamgeuzia jirani kile kioo.

"Sisikii, ndugu yangu. Ni muda sasa. Niliona haya kusema."

Dereva alisoma maneno yake mwenyewe, akakirudisha kioo upande wa mzee: *Pole sana. Ngazi si kitu.*

Hata hivyo mzee na bintiye waliitoa nyuma ya jiko, wakaipitisha juu ya ua. Binti alidhani sasa ameridhika. Wapi! Mzee alivuta kigoda, akaketi, akaegesha simu kwenye nguzo.

"Mwaka juzi mpaka leo ni asubuhi nyingi," alisema. "Haiwezekani zote ulikuwa unadai ngazi. Mengine yalikuwa yapi?"

Dereva alikita viwiko vyake juu ya ua.

*Kwanza nilikualika harusi ya mwanangu. Ukasema kabisa.*

"Mungu wangu," alisema mzee, akasogeza kigoda karibu zaidi. "Alimwoa nani?"