Mashine ya Langoni pa Hospitali

Ofisini walimwita Mama Mgao, kwa kuwa ndiye aliyeamua mashine ipi ya benki ijazwe noti na ipi isubiri. Nyumbani walijua tu kwamba yuko benki. Gari la kusambaza lilikuwa moja, mashine tele, na mwisho wa mwezi kila mtu anataka chake. Noti zikilala ndani ya mashine, mkubwa wake alifoka. Basi Mama Mgao alifuata kompyuta: penye watoaji wengi peleka zaidi, penye wachache punguza. Aliye nacho huongezewa, ndivyo dunia ilivyo.

Mashine ya langoni pa hospitali ilionyesha watu hawatoi. Akapunguza. Utoaji ukashuka zaidi, akapunguza tena. Asubuhi hiyo aliiondoa kabisa kwenye safari ya gari, na mkubwa akampongeza.

Mchana mdogo wake akapiga simu, anahema.

"Dada, wifi yako kajifungua, damu haikatiki! Wanataka kumpasua, lakini walipwe kwanza, tena taslimu, mtandao wao umekufa. Na hii mashine yenu haina kitu!"

"Tangu lini?"

"Mlinzi anasema ni kawaida yake. Ikijazwa tu, watu wanaikomba, kisha inakaa tupu siku nzima."

Hapo akang'amua. Mashine tupu haitoi, na kompyuta inaandika kwamba watu hawatoi. Ni sawa na kumnyima mtoto chakula, halafu useme huyu hali. Kosa la kijinga, na alilirudia kila wiki kwa mkono wake.

Akampigia dereva wa gari la noti.

"Mama, nimeshashusha zote kule madukani. Makasha matupu."

Akashuka mbio hadi kaunta, akatoa akiba yake yote, akapanda pikipiki huku amekumbatia mkoba.

Alimkuta mdogo wake ameketi kwenye ngazi za wodi, kandambili za mkewe mapajani. Ndani kitoto kilikuwa kinalia. Alijua amechelewa. Akaketi, na yule kijana akamwangukia begani.

"Dada, nani huko kwenu anaamua mashine ya hospitali isiwekwe pesa? Wewe unawajua. Nitajie jina lake."

Akamkumbatia kwa nguvu, mkoba ukiwabana katikati.

"Tuzike kwanza," akasema. "Nitakutajia."